Kiti cha Abiria

Laiti Shalendra angenipigia kelele. Alisimama upande wa pili wa boneti, mikono mfukoni, akalitazama gari la marehemu baba yake badala ya kunitazama mimi. Kisha akaniuliza kwa sauti ile ile anayowaulizia wanafunzi wake wa darasa la sita:

"Kwa nini hukuniambia mimi kwanza?"

Nilikuwa nimevaa sari ya mama yangu ya zambarau, ile anayoitoa kabatini kwa harusi tu, na mkononi bado nilishika ile saa iliyoniponza. Kutoka barazani nilisikia mjomba wake akikohoa kwa makusudi. Nilitamani ardhi ya Tavua, mji wetu wa miwa hapa kisiwani, ipasuke inimeze, mimi na saa yangu.

Ngoja niseme ilivyokuwa, nisijipendelee.

Jina langu ni Nileshni, ila mjini wananiita Nilu wa Umeme. Baba yangu alitengeneza umeme wa magari kwa miaka thelathini na mbili, mpaka sukari ilipomkata mguu, nami nikashika banda lake. Magari mapya siyapendi, yana kompyuta na yanajisemea yenyewe. Yangu ni malori ya miwa yenye taa moja, na magari ya wazee ambayo ugonjwa wake unautafuta kwa mkono, waya kwa waya, huku unasonya.

Shalendra nilikutana naye kwa sababu ya gari. Alikuja bandani miezi saba nyuma na lile gari la rangi ya krimu, wamelivuta kwa kamba.

"Fundi yuko wapi?" aliuliza.

"Unamtazama."

Aliona haya mpaka masikio yakamwiva. Nikampenda hapo hapo, kwa masikio.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kukera. Betri mpya, jioni nzima, asubuhi imekufa. Mara ya kwanza nilikuta waya wa athi, ule mweusi wa kwenye bodi, umeota kutu, nikausafisha, gari likakaa salama wiki moja. Likafa tena. Mara ya pili nikabadilisha swichi ya taa ya buti. Mara ya tatu alteneta, ile inayochaji betri, niliifungua nikaifunga bila kuona kitu, na Shalendra akakaa kwenye kopo la rangi akinisimulia habari za wanafunzi wake mpaka jua likapungua. Kusema kweli, gari lile lilipokufa mara ya nne hakuna kati yetu aliyesikitika. Siku hiyo ndiyo aliyonishika mkono, wenye grisi vile vile, akaniambia mama yake anataka kuniona.

Tulingoja mwaka wa msiba wa baba yake umalizike. Ibada ya mwaka ilipopita, mjomba wake Dharmen, kaka wa mama yake, akatangaza kwamba sasa machozi yamefungwa na nyumba iko huru kwa neno la ndoa. Tukaalikwa chakula cha mchana, Jumapili, mimi na mama yangu.

Jumamosi yake gari lilikufa tena, nikajifungia nalo bandani. Nilitoa waya mweusi kwenye betri, nikaweka taa ya kupimia kati ya waya na kichwa cha betri. Kama kuna mahali umeme unavuja, taa huwaka. Haikuwaka. Nikatikisa kila waya na kuipiga ngumi dashibodi. Taa kimya. Gari lilikuwa zima kuliko mimi.

Basi kama gari halili umeme, kuna mtu anaula. Nikakumbuka ujanja wa baba. Nilichukua saa ya dashibodi ya gari bovu, nikaiweka saa sita kamili, nikaiunga kwenye waya wa redio, nikaificha chini ya dashibodi. Saa ile ingetembea pale tu redio inapowashwa. Jioni nikalirudisha gari kwao bila kusema neno.

Jumapili, kabla ya kubisha hodi, niliufungua mlango wa gari nikaichungulia saa. Mishale ilikuwa imetembea masaa mawili na dakika arobaini. Nikaichomoa, nikaitia mkobani.

Niliona na jambo jingine. Hilo nitalisema mahali pake, kwa kuwa ndilo linaloniuma.

Mezani palikuwa na mchuzi wa mbuzi, dengu, chapati na chatini ya ukwaju. Mama Bimla, mama yake Shalendra, hakuketi. Alikuwa akiingia jikoni na kutoka, mwanamke mwembamba, mkavu wa maneno. Mdogo wake Shalendra, Roshika, binti wa miaka ishirini, alitujazia maji. Mjomba Dharmen alikuwa kwenye mkeka kando ya bakuli la yangona, kile kinywaji cha mizizi, ameshakunywa vikombe kadhaa na ulimi umemlegea.

"Binti," aliniita, "hili gari umelitengeneza mara ngapi?"

"Mara nne, mjomba."

"Mara nne! Daktari wa namna hiyo angefungwa." Akacheka peke yake. "Au ndiyo dawa yenyewe? Unamwachia mgonjwa kidonda kidogo, arudi. Akirudi unampulizia, unampaka mafuta. Na mgonjwa mwenyewe kijana, mwalimu, ana shamba la miwa la baba yake..."

"Mjomba," alisema Shalendra.

"Natania! Hataniwi? Mkwe asiyetaniwa wa nini?" Akamgeukia mama yangu. "Lakini dada, hata bwana wako tulikuwa tunasikia. Gari likiingia kwake kwa taa, linatoka na ugonjwa wa honi."

Mama yangu aliinamisha uso kwenye sahani. Baba alikuwa nyumbani, kwenye kiti chake cha magurudumu, amevaa shati jipya akingoja habari njema. Kichwa kikanivimba. Nikasema moyoni, huyu leo atapata vidonge vyake.

Nikaitoa saa mkobani, nikaiweka katikati ya mchuzi na chatini.

"Mjomba, gari halina ugonjwa," nilisema, na sauti yangu ilikuwa na raha, Mungu anisamehe. "Jana niliweka saa hii kwenye waya wa redio. Ilikuwa saa sita kamili. Tazama sasa. Kuna mtu wa nyumba hii anaingia garini usiku, anawasha redio, anakaa. Jana peke yake, masaa mawili na dakika arobaini. Betri gani itavumilia hayo? Baba yangu hajawahi kumwachia mtu ugonjwa, na mimi vile vile."

Shalendra alinitazama kwa fahari, kwa muda mfupi tu, kisha nikaona fahari ile inamtoka usoni. Alikuwa ameshaona maneno yangu yanaelekea wapi.

Mjomba Dharmen aliweka kikombe chini. "Masaa mawili na nusu. Usiku. Garini." Akageuza shingo taratibu. "Roshika."

"Abee, mjomba."

"Simama hapa. Unakutana na nani?"

"Mimi?" Alilikumbatia jagi kifuani. "Sikutani na mtu, mjomba. Naapa."

"Redio inajiwasha? Shalendra analala kama gogo, mama yako mtu mzima. Nani amebaki? Ni yule mtoto wa dereva wa lori?"

"Naapa, mjomba, si mimi! Mama! Mama, mwambie!"

"Mjomba, basi," Shalendra alisema akisimama. "Tuna wageni."

"Ndiyo maana nauliza! Wageni wajue wanaingia nyumba gani!"

Roshika alikuwa analia sasa, kwa kwikwi, mikono usoni. Mama yangu alinifinya paja chini ya meza, kwa nguvu, kama alivyokuwa akinifinya nikiwa mtoto. Na mimi, niliyeyaanzisha, sikufungua mdomo.

"Ni mimi."

Mama Bimla alikuwa mlangoni mwa jikoni, ameshika bakuli la chapati za moto.

"Wewe nini?" kaka yake aliuliza.

"Ni mimi ninayekaa garini. Mwache mtoto."

"Unafanya nini humo?"

"Nalia." Aliweka chapati mezani, akapangusa mikono kwenye sari yake nyeupe. "Baba yao alikuwa ananipeleka mjini kila Ijumaa. Hatukuwa watu wa maneno. Tulisikiliza redio, tunakwenda, tunarudi. Wewe tangu mazishi uliniambia nisilie ndani ya nyumba, na mwaka ulipokwisha ukasema machozi yafungwe. Nimeyafunga. Kuna mtu amewahi kuniona nalia ndani ya nyumba hii?"

Mjomba aligeuzia macho bakuli lake.

"Gari si nyumba," alisema Mama Bimla, akarudi jikoni.

Mjomba Dharmen alikaa akisugua goti. Mtu mwingine angeomba radhi. Yeye akasema, "Mjane analia kila usiku, na sisi tunapanga harusi ya mwanawe juu ya machozi hayo. Hiyo ni nuksi. Neno la ndoa liahirishwe."

"Mpaka lini, kaka?" mama yangu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mpaka nitakaposema mimi."

Kila aliyekuwepo alijua maana yake. Nina miaka thelathini na mmoja. Ndoa ikiahirishwa na mtu kama Dharmen, haina tena siku.

Ndipo Shalendra akatoka nje, nami nikamfuata hadi kwenye gari, na akaniuliza lile swali.

"Kwa nini hukuniambia mimi kwanza, Nilu? Ulifika saa tano. Tulisimama hapa hapa. Ulinirekebisha kola ya shati. Ulikuwa na saa mkobani?"

"Nilikuwa nayo."

"Ungeninong'oneza tu. Ningemwita Mama pembeni, tungemaliza kimya kimya."

"Mjomba wako alimtukana baba yangu."

"Alimtukana. Na ningemjibu, nilikuwa nakaribia kumjibu. Lakini wewe ulikuja nayo tayari. Ilikuwa mkobani kabla hajafungua mdomo."

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Alikuwa ameshakasirika vya kutosha, na hasira ya kiasi kile ingeweza kupoa. Lakini alinitazama kwa mara ya kwanza tangu tutoke ndani, kwa macho yale ninayoyaota, nikaona kwamba nikinyamaza nitakuwa namdanganya kila siku atakayonitazama hivyo.

"Kuna jambo jingine," nilisema.

"Jambo gani?"

"Nilipochungulia saa asubuhi, niliona viti. Kiti cha dereva bado kina gazeti nililoliacha juu yake jana, hakuna aliyelikalia. Kiti cha abiria kilikuwa kimebonyea. Kioo cha upande huo kimeshushwa vidole viwili, na kwenye egemeo la kichwa kuna mafuta ya nazi."

Aligeuka akakitazama kile kioo.

"Nilijua ni mwanamke, Shalen."

"Ukadhani ni Mama?"

"Hapana." Uso ulikuwa unaniwaka. "Nilidhani ni Roshika. Nilidhani ana mtu."

"Ulidhani ni mdogo wangu."

"Ndiyo."

"Ukasema mbele ya mjomba."

"Ndiyo."

"Ana miaka ishirini, Nilu! Mji wenyewe huu! Neno moja likitoka kwenye baraza ile, kesho liko sokoni, keshokutwa hakuna nyumba itakayomtaka. Ulijua hilo?"

"Nilijua. Nilitaka kushinda."

Alipumua kwa nguvu. Nilifikiri ataondoka. Badala yake aliweka kiganja juu ya boneti, akaongea polepole.

"Unajua nilikupendea nini? Mikono yako. Unavyoushika waya uliooza, taratibu, kama vile unaogopa kuuumiza. Nilikuwa nakaa kwenye lile kopo nasema, huyu akinishika mimi hivyo maisha yangu yote, nimepona." Akatikisa kichwa. "Leo sikuiona ile mikono."

Akapanda ngazi, akaniacha. Nililia, na nilijua sina haki ya kulia.

Mama yangu alikuwa ameshaingia kwenye gari langu dogo la mizigo, amefunga mkanda, anatazama mbele. Ningeweza kukaa nyuma ya usukani na kuondoka. Miguu ilikuwa inataka hivyo. Nikaizunguka nyumba, nikaenda uani.

Mama Bimla alikuwa anasugua sufuria kwenye bomba, amechuchumaa. Hakuinua kichwa.

"Umekuja kuosha vyombo au kulia? Kama ni kulia, huku kumefungwa."

"Nimekuja kuomba radhi, Mama."

"Kwa lipi?"

"Kwa kusema mbele za watu."

"Hilo wameliona wote. Hata ng'ombe ameliona." Akaendelea kusugua. "La pili?"

Nikamwambia. Kiti, kioo, mafuta ya nazi, Roshika. Nilisema nikiwa nimesimama, kisha nikaona haifai, nikachuchumaa, sari ya mama yangu ikalowa maji ya masizi. Mkono wake ulisimama juu ya sufuria.

"Hilo hukulazimika kuniambia."

"Najua."

"Nilikuwa nakaribia kukuhurumia. Nilisema moyoni, mtoto wa watu, amechokozwa." Alinitazama usoni kwa muda mrefu, na sijawahi kutazamwa hivyo. "Nenda ukamwambie mwenyewe."

Mlango wa Roshika ulikuwa umefungwa. Nilibisha, nikaanza kusema, na sauti ya ndani ikanikata.

"Toka."

"Roshika, nisamehe, nilikosa..."

"Toka, fundi! Kawashe taa za watu huko!"

Sikubishana. Alikuwa na haki ya kunitukana zaidi ya hapo. Nilipita sebuleni nimeinamisha kichwa, nikampita mjomba na bakuli lake, nikampita Shalendra aliyeegemea nguzo ya baraza, wala hakusogea. Nilikuwa nimeshashika mlango wa gari langu niliposikia ndara zikishuka ngazi.

Mama Bimla alitembea mpaka kwenye gari la krimu, mikono yake bado inachuruzika maji. Alifungua mlango wa abiria, akaketi, akauacha wazi.

"Nilu. Limekufa?"

"Limekufa, Mama. Kwa yale masaa ya jana."

"Lipe moto."

"Bimla!" mjomba Dharmen alisimama barazani. "Umerukwa na akili? Mchana wote huu! Watu wanapita barabarani!"

"Wapite."

"Watasema nini?"

"Watasema mke wa Jagdish anamlilia Jagdish. Wewe ulidhani namlilia nani?" Hakumtazama hata kidogo. "Na neno la ndoa ya mwanangu nitalisema mimi niliyemzaa. Keti, yangona yako inapoa."

Yangona hunywewa baridi. Mama yangu, ndani ya gari langu, alijifunika mdomo kwa ncha ya sari.

Nilisogeza gari, pua kwa pua. Nilitoa nyaya, nikazifunga moja moja. Nyekundu kwa nyekundu. Nyeusi kwenye betri yangu, ncha yake nyingine kwenye chuma cha injini yao. Niliacha injini yangu ikinguruma.

"Tayari, Mama."

Alizungusha ufunguo nusu, akabonyeza redio. Ilikoroma, ikakaa sawa. Sauti ya mtangazaji ikatoka, nzito na ya taratibu, ikitaja jina la mzee fulani wa Rakiraki, watoto wake, wakwe zake, wajukuu zake, na saa ya mazishi.

"Loo," alisema Mama Bimla. "Saa hizi ni matangazo ya misiba. Nyimbo ni usiku."

Akacheka, cheko fupi la puani, na cheko lile lile likageuka kilio. Alilia kwa sauti, mlango wazi, mwangani. Trekta la miwa lilipita, dereva akageuza shingo mpaka akakaribia kuingia mtaroni. Shalendra alishuka ngazi mbili mbili, akainama mlangoni.

"Mama. Mama, njoo ndani."

"Usiniguse. Nalia."

Akarudi nyuma, akasimama, hajui pa kuweka mikono. Nilisimama upande wangu wa boneti, na mimi sijui. Mtangazaji aliingia msiba wa pili, kisha wa tatu. Nilitazama nyaya zangu kama vile zinahitaji kutazamwa. Mama huyu alikuwa amejificha mwaka mzima asionekane akifanya jambo hili, na mimi ndiye niliyemtoa nje. Hakuna kitambaa wala neno nililokuwa nalo la kumfunika.

Alipotulia kidogo alipangusa uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayefuta meza.

"Unasimama hapo kama mpangaji anayedaiwa," alisema bila kunitazama. "Ingia."

Sikuamini kama ni mimi. Shalendra alinitazama, akanipa ishara ndogo ya kidevu. Hakutabasamu. Nilizunguka gari, nikashika kitasa cha mlango wa dereva.

"Siyo hapo!"

Nikakiachia kitasa kama nimepigwa na shoti. Aibu yote ya siku ile ilinirudia upya, kuanzia shingoni mpaka unyayoni. Nikaanza kusema nisamehe, yeye akanikatiza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hicho ni cha baba yao. Watoto wanakaa nyuma."

Nikafungua mlango wa nyuma, nikakusanya sari yangu iliyolowa, nikaketi.